Divai Niliyoionja Mbali na Mkwe

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Miguu imeacha kuvimba? Shemeji na watoto hapo Rusimbi hawajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Nikitaja tu divai unanikatia simu, kwa hiyo nimeandika kwa mkono, nikapiga picha, nikamtumia shemeji akusomee. Shemeji, soma yote, usiruke.

Unajua nilitaka kumpelekea Mzee Bukuru wa Ilagala, baba yake Anjela, kinywaji cha kubishia hodi ya posa. Hapa Ureno ninakoosha vyombo hotelini kuna divai tamu, nzito, watu huinywa kidogo kidogo baada ya chakula. Dukani nilisimama mpaka muuzaji akaniuliza kama nimepotea. Kulikuwa na nyekundu, changa, ya bei nafuu, na nyingine ya rangi ya asali iliyokaa kwenye pipa miaka kumi. Nikasema mzee hapewi kinywaji cha jana. Nikachukua ya pipa.

Kosa langu ndipo lilipoanzia. Kwetu anayeleta pombe huonja kwanza, ndipo mwenyeji anywe kwa amani. Mimi niko mbali, na rafiki yangu Ramadhani wa Ujiji, aliyekubali kunibebea akienda likizo, hanywi. Nikajiona mjanja. Nikaifungua chumbani kwangu, nikanywa funda moja, nikaifunga vizuri, nikampa.

Kumbe kuonja ni mbele ya macho! Mzee aliigeuzageuza ile chupa, akamwambia Ramadhani, "Haya, onja mwanangu."

"Mimi Mwislamu, mzee."

"Chupa imefunguliwa, aliyeileta hainywi. Mnataka nife?"

Anjela akanyoosha mkono ainywe yeye. Baba yake akamwambia, "Ukinywa, umeshahama kwangu." Akaurudisha mkono, dada. Simlaumu.

Sasa Mzee ametoa muda hadi Jumapili ya wiki ijayo. Aje mtu wa damu yangu ainywe mbele yake, la sivyo anampokea mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi ambaye ameshatuma washenga. Chupa nyingine haitaki, anasema mwenye sumu ya kwanza hakosi ya pili. Mimi kuja siwezi, vibali havijatoka, nikitoka sirudi, na huyo Anjela nitamlisha nini? Wazazi wetu hawapo. Baba mdogo kiharusi kimemlaza. Damu yangu imebaki wewe.

Najua umeokoka. Najua uliapa mbele ya kanisa zima, na najua pombe ilivyomfanya baba yetu, maana ni wewe uliyekuwa unamwosha. Sikuombi ulewe. Funda moja tu, Mzee akuone unameza. Nimejaribu kutafuta njia nyingine hadi akili imechoka. Jana nimevunja sahani sita, nimepewa onyo. Dada, nimekwisha.

Msalimie baba mdogo, umshike mkono ule unaosikia. Msalimie mama mkwe wako, na watoto waambie mjomba wao anawakumbuka.

Ukiamua hapana, usinitumie mstari wa Biblia. Sema hapana tu, nami nitamwambia Anjela mwenyewe asinisubiri. Ukiamua ndiyo, na Mungu wako akakuuliza siku ile, mwambie kikombe nilikushikia mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Zabroni