Kariakoo Hatusemi Hakuna

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mdogo wangu Amira amerudi shule. Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka. Nimeandika kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu, na haya si ya kusikiwa na nyumba nzima.

Unajua baba mdogo Twaha alinilipia masomo ya Kifaransa, niongee na wateja wa Ngazija, kule Komoro, wanaonunua vitenge dukani kwake. Mwalimu Candida alianza na kukataa: ne pas, si; ne plus, si tena; ne jamais, kamwe. Wenzetu hukataa kwa maneno mawili, moja mbele ya kitenzi na jingine nyuma, kama mtu anayefunga mlango wa mbele na wa uani. Niliyapenda mno. Baba mdogo aliponisikia nikiyakariri alifoka, akasema hatoi fedha yake nifundishwe kufukuza wateja.

Na kweli, huku hakuna muuzaji anayesema hakuna. Mteja akiulizia kitenge tusichonacho, anaambiwa kipo, asubiri kidogo. Anakalishwa, anapewa soda, huku mtu anatoka mbio kukichukua duka la jirani. Nimezikimbia sana mbio hizo, sikuona ubaya.

Ubaya niliuona Jumatatu. Bwana Abdulmajid, mteja wetu mkubwa wa Moroni, mwenye wake wawili, aliniulizia mimi kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Baba mdogo akamjibu nipo, asubiri kidogo, akaagiza soda! Nami nimesimama palepale nakunja vitenge! Hata usoni hakunitazama. Jioni ndipo akaniambia kwamba Ijumaa atakuja kwako kuchukua kauli yako juu ya posa hiyo. Hivi mimi ni bidhaa? Baba angekuwa hai, angethubutu?

Sasa nikueleze ambalo yeye hatakueleza. Jana Bwana Abdulmajid aliniletea manukato. Nikamrudishia, nikamwambia mbele ya duka zima: Je ne veux pas. Jamais. Sitaki, kamwe. Akashangaa, akasema kwa upole kwamba aliambiwa nimekwisha kubali. Akaniomba radhi, akaondoka. Hajafika hata hotelini, baba mdogo alikuwa amempigia simu kumwambia nilikuwa natania, bado nipo.

Mama, najua tangu baba alipofariki hujawahi kumkatalia shemeji yako kitu. Akija Ijumaa mkaribishe, mpe chai, kisha mwambie hapana. Nakuomba sana, usimwambie asubiri kidogo.

Wasalimie majirani wote, na Amira mbusu kwa niaba yangu.

Mwanao anayekutegemea,
Badria