Maneno yaliyokatika Mkongo

Jumatano, Kibiti. Wingu limetanda tangu alfajiri na mvua bado haijaamua.

Hamjambo nyote mnaopita humu kwenye blogu yangu. Huku kwetu Baba Zainabu hajambo, goti tu. Bibi mzaa baba hajambo, ila analalamika chai haina sukari. Rukia, mdogo wake Zainabu, yuko shule, hajambo. Mimi nasuka ukili wa mkeka, naufumua, nausuka upya.

Zainabu ndiye sijui.

Mwanangu huyu anatengeneza programu ya kuandikia chanjo za watoto. Kompyuta ya zahanati ya hapa ina Windows, ya kijiji cha Mkongo ina mfumo mwingine, Linux. Alikuwa achague zana ya kuiandikia: Delphi aliyoizoea chuoni, ya Windows tu, au Lazarus, ambayo bado ni ngeni kwake. Zote zinatumia lugha moja ya kompyuta, Pascal, ila kwa Lazarus ataandika mara moja, kisha atatoa programu mbili, kila kompyuta na yake.

Nikamwambia ashike alichozoea. Nakiri. Niliogopa tu. Hakunisikia.

Jumamosi akaipeleka Mkongo. Ikafunguka, lakini maneno yalikatika. Penye "Tarehe ya kuzaliwa" pakabaki "Tarehe ya kuz". Nesi Magreth wa zahanati ya huko akamuuliza kama yeye nesi atasajili watoto au atakisia. Akampa mpaka leo. Ikishindikana kazi anapewa kijana wa Dar.

Alirudi nyumbani. Jumapili akaanza kuiandika upya kwa Delphi, ingawa anajua wazi kwamba huko Mkongo haitafunguka kabisa.

Nikakaa pembeni yake na ukili wangu. Nikamuuliza visanduku vile vinavyobeba maneno kwenye kioo alivipimaje. Akasema alivivuta kwa jicho, kwenye kompyuta ya hapa hapa, mpaka vikakaa vizuri.

Nikamkumbusha mkeka wa yule bwana wa Mbwara. Aliagiza urefu wa mikono minne, nami nikapima kwa mkono wangu huu mfupi. Kitanda kikabaki wazi miguuni, nikaongeza ukili huku shemeji zangu wananicheka.

"Mwanangu, umepima kwa mkono wako."

Akaacha kuandika. Kisha akasema, "Mama, herufi za Mkongo ni nene kuliko za hapa."

Basi akarudi kwenye Lazarus. Jumatatu na jana kutwa alikuwa anavirekebisha visanduku, kimoja kimoja, vijitanue vyenyewe kufuata maneno. Chai ikapoa mara tatu. Hapa kwetu imekubali, ila hata Ijumaa hapa kwetu ilikubali.

Asubuhi kaondoka kwenda Mkongo, flashi kaifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mkoba.

Sasa najiuliza. Ingekuwa bora ningenyamaza toka mwanzo? Au nimempa mfano wa mkeka kwa jambo nisilolijua, akanitii kwa heshima tu?

Mvua imeanza.

Zainabu mama, najua ukipata intaneti Ikwiriri njiani kurudi huwa unapita humu kwanza. Usingoje ufike nyumbani. Niandikie hapo chini upesi, neno moja tu linatosha: "kuzaliwa", lote, halijakatika.