Mjusi begani kwa madam

Wangari, Bi Hilwa jirani anadai amenisikia kupitia ukutani nikimwita madam, bosi wangu Mwarabu, kafiri mara tatu. Mimi sikuhesabu.

Ni mjusi. Alidondoka kutoka kwa pazia akatua begani kwa madam. Nikasema vile tulifunzwa shule, "Madam, mjusi kafiri, mjusi kafiri."

Kiswahili hajui. Alisikia hilo neno moja tu la Kiarabu.

"Kafiri? Mimi? Khalas, basi, imetosha, funga mizigo yako."

Na mjusi bado ametulia pale begani.

Nashukuru Bi Hilwa, anayejua Kiswahili, alikuja akamweleza kwa Kiarabu ni jina la mjusi. Bi Hilwa mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Madam hakucheka. Aliingia chumbani akajifungia.

Nimebisha mlangoni, nikamwambia, "Madam, naomba nibaki."

Mlango bado umefungwa.