Alifukuzwa, Hakuacha

Jumatatu, 3 Juni 1957. Makambako.
Baridi ya kukata masikio, nami nachemka! Anania, mmenya magome ya miti kule shamba la miwati, amefukuzwa kazi. Kosa lake: alichelewa kwa kumpeleka mkewe Dorika kujifungua misheni. Wametakiwa kuhama nyumba ya shamba Jumamosi. Na kichanga mikononi!

Nimemwambia sheria inamdai mwajiri atoe notisi, na hadi notisi iishe nyumba ni yake. Akauliza, "Mwalimu, hiyo sheria inatujua sisi?"
Inakujua! Ni wewe usiyeijua.

Makala zangu za gazetini hazijampa mtu paa. Safari hii naenda mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni.
Nimetoka kwa meneja. Eti hakumfukuza — Anania aliacha mwenyewe, na anayeacha hana notisi. Ushahidi? Alirudisha shoka kwa mikono miwili, akainama, akasema asante.

Lo! Huku kwetu mkubwa hata akikukaripia unashukuru. Ndivyo tulivyolelewa. Leo adabu imekuwa barua ya kuacha kazi!

"Kwa nini ulimshukuru?" nimemfokea Anania.
"Mkubwa akisema nawe, utanyamaza tu?"
Dorika, akinyonyesha: "Huyu angemshukuru hata mwizi wa kuku!"
Tumecheka. Kisha hasira ikanirudia.

Alhamisi, 6 Juni.
Mazoezi. Jumamosi shauri letu linasikilizwa na Afisa wa Kazi, Njombe; leo mimi ndiye yeye.
"Uliacha kazi?"
"Hapana, bwana. Nilifukuzwa. Asante."
"Toa hiyo asante!"
Mara nne. Kichwa kinaniuma.
Habari njema: nyapara Gideoni alikuwepo Anania alipofukuzwa, alisikia kila neno. Mbaya: naye ana kazi ya kupoteza, na watoto sita. Nimemsihi aje kutoa ushahidi. Kajibu tu, "Nitaomba Mungu."

Jumamosi, 8 Juni. Njombe.
Naandika nje, barazani kwa Afisa wa Kazi. Meneja kasema yake. Anania akasimama: "Nilifukuzwa, bwana." Akakaa. Basi! Nilitaka kumkumbatia.
Afisa: "Nani alisikia?"
Gideoni alikuja na gari la meneja, kakaa nyuma yake. Akainuka. Meneja akamwambia kaa. Hakukaa!
Afisa katutoa sote nje, kambakiza Gideoni peke yake. Meneja anavuta sigara, hatutazami. Anania ameshika kofia yake kwa nguvu. Dirisha liko wazi — Gideoni anakohoa — sasa anasema: "Bwana, mimi nilikuwa pale. Alifukuzwa, hakuacha."