Wafula Hakuwa na Kadi

Hai Jalaba, Juba

Mama mpendwa,

Natumaini mguu umepoa na kuku wameacha kufa. Mimi mzima. Mwanao Wafula tulimzika jana huko Rejaf, kando ya mto. Usimngoje tena.

Kwa simu nilikwambia tu kwamba lori lilimgonga pale soko la Custom hapa Juba akiwa kwenye bodaboda. Sikukwambia kwa nini haletwi nyumbani. Wakati ule wa korona, chama chetu cha mazishi, ambacho ndicho hutusafirisha tukifa ugenini, kilipitisha kwamba asiye na kadi ya chanjo hasafirishwi. Mwenyekiti wetu Okello, yule Mganda anayeuza mchele, alisema anayekataa kutulinda tukiwa hai asitudai akishakufa. Tulipiga makofi. Nami niliinua mkono, maana niliona ni haki. Sheria haijafutwa mpaka leo.

Wafula wako akasema mwili wake ni hekalu, hautiwi sindano. Nikamwambia sawa, basi nikununulie kadi tu kama yangu, sindano utaisikia kwa wengine. Akanitazama kama nimetapika mezani. "Siwezi kumdanganya Mungu, sista, hata kwa karatasi." Ulimlea vizuri mno, Mama, na matunda yake ni hayo.

Juzi nilipiga magoti mbele ya chama.

"Dada, mimi iko na uchungu," Okello akasema. "Lakini kwa hii sheria hata wewe iliinua mkono. Kalas, imekwisha."

Akauliza nani anataka Wafula asamehewe. Mkono ulikuwa wangu peke yangu. Niliwatazama wale tulionunua nao kadi kwa mtu mmoja, ambao sindano hawajaiona kwa macho, wamekaza nyuso kama mahakimu. Ningeweza kuwataja wote palepale. Lakini na yangu ingefutwa, kwa hiyo nikakaa chini.

Waambie wazee wazike mgomba mahali pake, kama ada yetu mwili usipofika, na wasinipigie simu. Msalimie mke wa Wafula. Mwambie mumewe alikufa mkweli, kama ukweli huo utawapikia watoto uji. Msalimie na shangazi, yule aliyemfundisha kuomba.

Kwa ajili yangu usiwe na wasiwasi. Kadi yangu ipo, nimeifunga kwenye plastiki isilowe. Mimi nikifa, nitaletwa.

Binti yako aliyebaki,
Nekesa