Herufi Nilizozipima Mimi

Jumamosi, Iguguno. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye kibodi. Moyo wangu mzito.

Leo Zakaria amenikana mbele ya watu.

Tulisoma chuo pamoja, tukafungua steshenari pamoja hapa barabarani. Chama cha wakulima wa alizeti kilipotuomba tuchape vitambulisho vya wanachama, majina marefu yalikatika. Bibi Mwanamkuu Mwamwiru alirudishwa kutoka kwenye mizani na magunia yake kwa sababu kadi ilisomeka "Mwanamkuu Mwam". Karani akamwambia huyo si yeye.

Kosa lilikuwa kwenye programu. Ilihesabu herufi, kana kwamba zote zina upana mmoja. Lakini m inakula nafasi ya i tatu, na majina ya huku yamejaa m na w.

Nikazipima. Moja moja, kubwa na ndogo, wiki tano nzima. Nikaandika programu inayojumlisha upana wa jina kabla ya kuchapa. Likizidi kadi, inalishusha mstari wa pili. Zakaria alikuwa akiniletea chai na kunicheka: "Bado unapima tu, Rehema?"

Leo tulizionyesha kadi mpya kwenye mkutano wa chama. Zakaria alisimama, akasema, "Nimekaa wiki tano nikipima kila herufi."

Nimekaa. Yeye.

Mwenyekiti, mzee Shabani, akanitazama. "Na huyu binti?"

"Huyu ananisaidia kuchapa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamtazama usoni, akageukia dirishani.

Kisha baba mmoja akauliza kwa nini jina lake limeshuka mstari wa pili, na la jirani yake lenye idadi ileile ya herufi, kumi na tisa, limebaki mstari mmoja. Zakaria akakohoa. Akapanga kadi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Hapa naandika ukweli unaoniaibisha: nilimwokoa. Nilisimama, nikawaamkia, nikaeleza habari ya m na i. Watu wakaelewa, wakapiga makofi. Wakampigia yeye.

Nje nilimuuliza kwa nini.

"Mzee angemwamini nani, Rehema? Mimi au wewe? Kazi tumepata wote."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, kama anayenifundisha. Hilo ndilo limenichoma zaidi, kwamba alikwishalipanga na akaona ni haki.

Nimelia kidogo jikoni. Mama aliuliza kwa Kinyiramba nina nini, nikasingizia moshi.

Sikuwahi kumficha Zakaria kitu. Hata nywila yangu anayo. Nimeibadilisha sasa hivi.

Jumatatu nitakwenda kwa mzee Shabani. Nitampa shikamoo yake, nitakaa, nitamweleza nani alifanya nini. Asiponiamini, amwite Zakaria, atuulize sote wawili swali lolote kuhusu kadi zile.

Safari hii sitamjibia.