Kipimo Kidogo cha Jioni

Rumonge, Jumapili, mwezi wa sita

Mama mpendwa,

Leo tumechemsha mawese uani. Yalipokaribia kuiva, majirani wakaulizana nani atayanusa kabla ya kuepuliwa, kisha wakanigeukia mimi, maana kazi hiyo ilikuwa yako. Nimenusa mimi. Nadhani sijakosea.

Unakumbuka saratani ilipotoka titini ikaingia mifupani? Vidonge vikali vilituliza maumivu, lakini vilikuchukua na wewe. Ulisinzia kijiko kikiwa mdomoni, ukaniita kwa jina la bibi. Ulipozinduka uliniambia, "Maumivu nayajua. Usingizi huu siujui. Nataka kukaa na watu wangu nikiwa macho."

Ndipo daktari akatueleza habari ya dawa nyingine. Kwa kipimo kikubwa, alisema, huzuia nguvu ya vidonge kama vile vyako. Kwa kipimo kidogo sana, wapo wagonjwa wanaopata nafuu, na wapo wasiopata. Hakuahidi kitu. Ukamtazama. "Dogiteri, dawa inayofukuza dawa ya maumivu ndiyo itafukuza maumivu? Mwanangu, unanichekesha." Akacheka, kisha akawa mkali: vidonge vikali vipunguzwe polepole mpaka viishe mwilini, na visichanganywe kamwe na hii. Ukichanganya, utaugua vibaya.

Kungoja kulikuwa kugumu. Baadaye kila jioni nilivuta maji ya dawa kwa bomba la sindano lisilo na ncha, nawe ukafungua mdomo kama kifaranga. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha asubuhi moja uliamka ukisimulia ndoto ya Tanzania: mahindi yetu kule kwenye makazi ya wakimbizi, na yule mbwa mwekundu aliyeiba viatu. Daktari alisema dawa hiyo huleta ndoto. Maumivu hayakuondoka. "Yamekaa pembeni," ulisema, "kama mgeni asiye na haraka." Ukarudi uani, ukaketi karibu na pipa la mawese, ukaanza kutugombeza. Nilifurahi mno kugombezwa.

Hofu yangu ilikuwa Mama Mdogo. Kila alipokuja kukuona kutoka Kizuka alileta vidonge vikali vya sokoni, vimefungwa kwenye karatasi.

"Dada, hii maji iko inakusaidia nini? Hata kuku hashibi."

"Kuku hana saratani," ulimjibu, ukapokea kwa mikono miwili, ukamshukuru. "Murakoze, mdogo wangu."

Kwetu hatumrudishii mtu alichomletea mgonjwa, na mimi sikuwa na mdomo wa kumkatalia mama yangu mdogo. Nilimweleza aliyosema daktari, akanipungia mkono. Akishaondoka nilikuuliza, "Mama, umevimeza?" Nawe, "Wewe niletee ugali." Nikakuchungulia kila ulipokwenda chumbani, nikingoja uanze kutetemeka au kutapika. Hukutetemeka.

Mwishoni maumivu yaliacha kukaa pembeni. Wewe mwenyewe ulisema imetosha, daktari akaisimamisha dawa ile ndogo, na wakati ulipofaa akakurudishia zile kali. Ukalala, ukatuacha kwa upole. Lakini ule msimu mzima wa mawese tulikuwa nao, Mama, na ulikuwa macho.

Tulipokunja nguo zako nilifungua fundo la kitenge chako cha Jumapili. Vidonge vyote vya Mama Mdogo vilikuwamo, kila karatasi kama alivyoifunga. Nilimwonyesha. Alikaa chini palepale, akilia na kucheka. "Huyu dada! Amenidanganya kwa mikono miwili!" Tukavipeleka hospitali pamoja, na njiani akanisimulia utoto wenu, ambao sikuwahi kuusikia.

Sasa huja kila Jumapili. Huleta ndizi. Nazipokea kama ulivyonifundisha, na hizi tunazila.

Mawese yamepoa, nayaweka kwenye chupa. Huko uliko, harufu yake ikikufikia, unikumbuke.

Binti yako wa mwisho